Ukiniruka, Nirudie

Watu wakiiona picha yetu ya Lusaka, sisi watano tumeshikana mabega na kamba zimening'inia shingoni, husema, jamani, mabinti hawa wanapendana. Hawajui kitu. Mkono wa Justa uko begani kwangu kwa sababu mpigapicha aliushika akauweka pale mwenyewe, na mimi hapo nimebana meno. Mimi na Justa tulichukiana nusu mwaka mzima, mbele ya mwalimu na nyuma yake, na kama kuna anayesoma hapa akingoja mahali tulipokumbatiana, aache sasa hivi akafanye kazi nyingine. Wanasema wagombanao ndio wapatanao. Aliyesema hivyo hakuwahi kulala chini akarukwa na Justa.

Jina langu Mashavu, kwetu Kwaluguru, Handeni. Nilikuja Korogwe kukaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Manundu, ili nisome sekondari. Huko ndiko mwalimu Rhoda alikonikuta siku moja nimesimama kwa mikono nyuma ya darasa, miguu juu, nikibishana na wenzangu kwamba naweza kuhesabu mpaka mia bila kuanguka. Alisubiri nifike mia. Kisha akaniambia nije Jumamosi na suruali ya kubana.

Mwalimu Rhoda alikuwa mwembamba, hacheki ovyo, na alikuwa amesomea jimnastiki. Alikuwa anaunda kundi la wasichana watano. Watano mnaingia kwenye zulia pamoja, muziki unapigwa dakika mbili na nusu, mnaruka, mnapinda migongo, mnarushiana kamba hewani na kudaka, na waamuzi wanakata pointi kwa kila kamba inayoanguka. Mjini watu waliita sarakasi. Mwalimu Rhoda akilisikia neno hilo alifura kama chapati kwenye mafuta. Mwezi wa sita kulikuwa na mashindano ya vijana ya nchi sita huko Lusaka, na yeye alikuwa ameapa kutupeleka.

Tulifanyia mazoezi kwenye ghala la zamani la katani, sakafu ya saruji, tumechora mraba kwa chaki badala ya zulia. Tulikuwa Hafsa na Maryamu, ndugu wa tumbo moja, na Mwatumu, mrefu na mkimya, na Justa wa Makuyuni, na mimi. Wa sita alikuwa Evodia wa Mkumbara, mchezaji wa akiba, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa ukutani na kujua kila kitu.

Siku ya kwanza kamba za kununua zilikuwa hazijafika. Akaja babu yake Justa, mzee Ponsiano, na kamba tano za katani alizozisokota mwenyewe. Mzee yule alikata mkonge tangu ujana wake mpaka mgongo ulipogoma, na baba yake naye alikata mkonge, aliletwa kutoka Kigoma enzi za mkoloni. Nikachukua kamba moja, nikaizungusha, ikanichubua kiganja. Nikasema kwa sauti, "Hizi si kamba, ni adhabu. Kamba za manamba!"

Huku kwetu ukimwita mtu manamba umemwambia kwamba mzee wake alishushwa hapa na namba kama gunia, na kwamba yeye mpaka leo hana kwao. Mzee Ponsiano alikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa. Alitabasamu, akasema, "Zitalainika, mwanangu. Zikipata jasho zitalainika." Justa hakutabasamu. Mdomo uliponza kichwa, na nilijua papo hapo. Lakini Justa alikuwa ananitazama, akisubiri niombe radhi, na mimi nikitazamwa namna ile siwezi kurudi nyuma hata kwa kusukumwa. Nikazungusha kamba tena.

Wiki ya tatu mwalimu alitupa mchezo wenyewe. Katikati ya muziki kulikuwa na sehemu ambayo mmoja analala chali, mwingine anakuja mbio na kumruka juu juu, miguu imenyooka huku na huku. Kisha aliyelala anainuka kwa mpigo mmoja, wote wawili wanakimbilia pembe zao, na wanadaka kamba wanazorushiwa na wenzao. Mwalimu alinitazama mimi, mfupi kuliko wote, akasema, "Mashavu, lala." Akamtazama Justa, miguu kama ya twiga. "Justa, ruka."

Sasa hapo ndipo penyewe. Kwetu mtu harukwi. Hata ukiwa umekaa umenyoosha miguu, anayetaka kupita anazunguka, na akijisahau akakuruka, unamwambia, "Nirudie," naye anaruka tena kurudi alikotoka, mambo yanakwisha. Asiporudi, wewe uliyerukwa hukui tena. Bibi yangu ana dada yake huko Kwaluguru ambaye alirukwa na mbuzi akiwa mdogo, na mbuzi hajui kurudi, na yule bibi mpaka leo akisimama nyuma ya ungo humwoni. Cheka ukipenda. Nilikuwa na miaka kumi na minne na urefu wa sentimeta mia moja arobaini na saba.

Justa akaruka. Nikabaki chini. Muziki ukaendelea, kamba zikaruka juu zikaanguka, mwalimu akazima redio.

"Mashavu, umeumia?"

"Hapana, mwalimu. Namngoja anirudie."

Hafsa na Maryamu hawakucheka, walielewa. Mwalimu Rhoda aliweka mikono kiunoni. "Sikilizeni. Muziki ukipigwa, hakuna kurudiana. Waamuzi wakiona mtu anarudi alikotoka watafikiri mmesahau mchezo. Muziki ukiisha, rudianeni mpaka kesho."

Muziki ulipoisha nikalala pale pale. Nikasema, "Haya, nirudie."

Justa alikuwa anakunywa maji. Akafunga chupa taratibu. "Nyie wa Handeni mna mambo. Mimi mtoto wa manamba, hayo ya wenyewe ya kwenu nitayajulia wapi?" Akaenda zake.

Ikawa hivyo kila siku. Ananiruka mara kumi, mara kumi na tano, na kila mazoezi yakiisha namwambia anirudie, na kila mara ana jibu jipya. Leo miguu inamuuma. Leo anaona nimependeza hivyo hivyo. Leo kasikia wafupi wanaishi miaka mingi. Na mimi sikukaa kimya, nilimwambia ana miguu ya kuazima, nilimwambia asiponirudia nitamwendea kwa mganga Handeni, na huko kwa uganga tunasifika. Alinijibu, "Nenda. Ukifika msalimie, mwambie umetumwa na miguu yangu."

Mwalimu Rhoda alikuwa na utaratibu mmoja ambao nawaomba muushike. Baada ya mazoezi tulilala chini wote kwa dakika kumi, kila mmoja amejifunika kanga usoni, ili misuli itulie. Hakuna kusema. Mimi nikishafunikwa kanga nalala usingizi hasa, nakoroma, wenzangu walinitania. Justa alikuwa wa mwisho kulala siku zote. Nilidhani ni maringo.

Kwenye mlango wa ghala mwalimu alichora mstari wa chaki nyekundu, sentimeta mia na hamsini. Kila mwisho wa mwezi tulisimama pale bila viatu, akaweka alama ya penseli na jina la kila mmoja. "Waamuzi wanataka watano waonekane kama mtu mmoja," alisema. Januari nilikuwa mia arobaini na saba. Februari, mia arobaini na saba. Machi mwisho, alama yangu ikaangukia juu ya alama yangu mpaka penseli ikatoboa rangi ya mlango. Wengine wote walikuwa wamepanda. Mwalimu aliniita pembeni.

"Mashavu, wewe una mgongo mzuri kuliko wote. Lakini ukisimama katikati ya hawa unaleta shimo. Usipougusa mstari mwekundu ifikapo tarehe moja ya mwezi wa sita, Evodia ataingia mahali pako. Sikufichi."

Nilikwenda chooni nikalia. Baba yangu, mzee Mbwana, alikuwa amekubali nicheze baada ya shangazi kumbembeleza miezi miwili, kwa sharti la nguo ya kufunika mpaka vifundoni, na alikuwa ameshatangaza msikitini Kwaluguru kwamba binti yake anakwenda Zambia. Sasa nirudi nimwambie sikwenda kwa sababu mjukuu wa manamba kanikatia urefu? Nilimchukia Justa siku ile mpaka mate yakawa machungu.

Pasaka tuliweka kambi ya wiki nzima ghalani. Siku ya pili, saa nane mchana, jua linachoma bati, tumemaliza mazoezi na kila mtu yuko chini na kanga yake. Siku hiyo sikulala. Nilingoja mpaka Justa naye alale, na pumzi yake ikawa ndefu. Nikaamka polepole, nikasimama kushoto kwake, nikamruka. Nikatua upande wa pili kwa ncha za vidole, kama nilivyofundishwa, bila sauti. Halafu nikazunguka miguu yake kwa mbali, nikarudi mahali pangu. Sikumrudia.

Nilijisikia vizuri. Sitasema uongo, nilijisikia vizuri kuliko siku niliyofaulu mtihani. Nilipogeuza shingo nikaona Evodia ameinua pindo la kanga yake, jicho moja linanitazama. Nikamwekea kidole mdomoni. Akashusha kanga.

Mwisho wa Aprili nikapanda sentimeta moja. Mwisho wa Mei mbili zaidi, kasoro unywele. Tarehe moja ya mwezi wa sita, mwalimu aliniwekea rula kichwani, akainama kuangalia, akasema, "Umeugusa mstari, kwa unywele." Nikapiga kelele mpaka popo wakaamka juu ya paa. Justa alifuata. Mwalimu akamwekea rula mara mbili, akatazama alama ya Machi. "Wewe umesimama," akamwambia. "Si kitu, urefu unao." Justa aliangalia ile alama kwa muda mrefu. Mimi nikatazama pembeni nisije nikacheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, nikasema moyoni, na mwisho wake nikauruka.

Lusaka mwezi wa sita ni baridi ambayo mtu wa Korogwe haelewi mpaka imshike. Tulifika na visweta vya shule. Ukumbi ulikuwa mkubwa, zulia lenyewe la kijivu, laini mpaka tuliogopa kulikanyaga, na wasichana wa nchi nyingine walikuwa na nguo zenye vito vinavyometameta na vifundo vya nywele vilivyopakwa mafuta mpaka vikang'aa. Sisi tulikuwa na nguo za bluu alizotushonea fundi wa Manundu, na kamba mpya za rangi. Tulikuwa wa nne kuingia.

Tumejipanga mlangoni, nchi ya tatu inamalizia, Justa akainamisha mdomo kwenye sikio langu.

"Leo ndiyo mwisho. Jioni tunapanda basi. Nikikuruka leo nakuacha hapa hapa Lusaka. Ukae hivyo hivyo."

Nikamwambia, "Thubutu."

"Utaona," akasema, na jina la nchi yetu likatangazwa.

Tulianza vizuri. Nataka ijulikane, tulianza vizuri sana. Kamba tano ziligonga zulia kwa mpigo mmoja, nikasikia watu wa Tanzania waishio kule wakipiga vigelegele juu. Nilipinda mgongo mpaka nikauona ukumbi kichwa chini. Mwatumu alirusha, Maryamu akadaka kwa mguu. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kisha ikafika ile sehemu, nikalala chali, nikaona taa nyeupe, na mwili wa Justa ukapita juu yake.

Mpigo uliofuata ulikuwa wangu wa kuinuka. Sikuinuka.

Nimeulizwa kwa nini, na nimejiuliza. Niliogopa, hilo tu. Sentimeta nilizozipata kwa taabu zilikuwa zimenifikisha kwenye mstari, na pale chini niliyaona maisha yangu yote yamesimama kwenye ule mstari, kwa unywele, kwa sababu msichana mmoja atapanda basi. Mwili wangu ulizoea. Umerukwa, ngoja. Nikageuza kichwa na nikamwona Justa amekwishafika nusu ya njia ya pembe yake. Akageuka. Akaniona bado niko chini. Midomo yangu ikasema, "Nirudie."

Alinitazama kwa chuki ambayo hakuwa nayo hata siku ile ya kamba. Kisha akarudi, hatua tatu za mbio, akaniruka kurudi alikotoka.

Watu walishangilia, walidhani ni sehemu ya mchezo. Nyuma yetu Hafsa, Maryamu na Mwatumu walikuwa wamekwisharusha. Kamba zilipaa vizuri kuliko siku zote, zikashuka mahali ambapo mimi na Justa tulipaswa kuwapo, na hatukuwapo. Moja ilianguka ikajikunja. Nyingine iliserereka mpaka nje ya zulia, chini ya meza ya waamuzi, na mwamuzi mmoja mwenye miwani akaisogeza kwa kiatu. Tulimaliza mchezo kamba tatu kwa watu watano. Tukawa wa sita katika nchi sita.

Mwalimu Rhoda alizikusanya kamba zote tano mwenyewe. Alitukalisha kwenye benchi la korido. "Mashavu, nilikuona hukuinuka. Mgongo?"

Neno lilikuwa limetengenezwa tayari, nililiokota tu. "Ndiyo, mwalimu. Ulishika."

Justa aligeuza kichwa akanitazama.

"Na wewe Justa," mwalimu akasema, "mwenzako ameumia, wewe badala ya kwenda kudaka kamba unarudi kuruka ruka kama mbuzi? Nimewaambia toka siku ya kwanza, hakuna kurudi. Waamuzi wote wamekuona. Nikifika Korogwe naweka Evodia."

Justa angeweza kusema. Alikuwa na haki ya kusema. Alifungua kifundo cha nywele, akatoa pini moja moja, akaziweka mfukoni, akasema, "Sawa, mwalimu." Mimi nilikaa nimeshika mgongo usiouma.

Evodia aliniambia tukiwa tumerudi, Jumatatu ya kwanza ya mazoezi, ghalani kabla wenzetu hawajafika. Alikuwa anafungua mlango. Akaonyesha alama zangu za penseli.

"Unajua kilichokukuza?"

"Nilimruka Justa," nikasema. "Wewe si uliniona."

"Nilikuona. Na yeye nilimwona. Kila siku, Mashavu. Mkishajifunika kanga, ukianza kukoroma, Justa anakuja anakuruka kurudi. Kama siku hiyo kakuruka mara kumi na tano, anakurudia mara kumi na tano, anahesabu kwa vidole. Halafu ndiyo analala. Mara moja aliniona namtazama, akaniambia, ukimwambia huyu mchawi wa Handeni nitakuvunja jino, atajiona kanishinda. Babu yake kamfundisha. Hata kwao mtu harukwi."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema, kabla ya Lusaka.

"Mimi wa akiba," Evodia akasema. "Neno langu lolote mngesema nataka nafasi zenu. Sasa nimepewa ya Justa na siitaki, ina harufu."

Nataka niwe mkweli kuhusu nilichohisi. Sikuhisi shukrani. Nilikasirika. Miezi yote ile nilikuwa na adui mzima mzima, wa kumtegemea, nikamchukia kwa moyo safi, na kumbe nusu yake haikuwa adui, ilikuwa inainama juu yangu mchana ikihesabu vidole. Alinionea kwa kunitendea haki. Na mimi nilichomfanyia kilikuwa kile kile nilichomshtaki nacho, tena kwa kuvizia, tena mara moja isiyorudiwa. Mwisho wa ile methali ukanirudia wenyewe: kwa binadamu mchungu.

Mwalimu Rhoda alipoingia nilimwambia yote nimesimama. Mgongo haukuuma. Nilikuwa namngoja anirudie. Yeye alirudi kwa sababu yangu. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kitambaa cha chaki, akakiloweka maji, akafuta alama zangu mlangoni moja baada ya nyingine, kuanzia ya juu. "Justa atarudi," akasema. "Wewe nenda nyumbani. Mgongo wako ni mzuri, lakini mimi sifundishi migongo mitupu."

Baba hajanisamehe mpaka leo. Kwaluguru bado wananiuliza habari za Zambia.

Likabaki moja. Nilingoja Jumapili nikaenda Makuyuni. Nyumba ya mzee Ponsiano iko pembeni ya mashamba ya mahindi, na walikuwa wamekwishavuna. Uani kulikuwa na turubai lililojaa mahindi, na shangazi zake Justa na watoto walikuwa wamekaa kulizunguka wamenyoosha miguu, wanapukuchua kwa mikono na kupiga soga. Justa alikuwa kati yao.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu kigoda. Wewe si yule wa kamba?" Mzee Ponsiano alikuwa amekumbuka, na bado alinipa kigoda. "Zililainika?"

"Zililainika, babu. Shikamooni mama zangu."

Justa aliponiona alikunja miguu, akainuka na hindi lake mkononi. Nikamwendea. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Manundu, yakapotea, nikabaki na yale yenyewe.

"Justa, wakati wa Pasaka ulikuwa umelala na kanga. Nilikuruka. Sikukurudia. Ndiyo maana umesimama pale kwenye alama. Nimekuja kukurudia. Lala."

Mahindi yalinyamaza. Shangazi mmoja akasema, "Toba." Mzee Ponsiano alinitazama kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa jirani.

"Wakati wa Pasaka," Justa akasema. "Na mimi Pasaka ile ile nilikuwa nakurudia mara kumi na mbili kwa siku."

"Najua. Evodia ameniambia. Nilikuambia neno baya siku ya kwanza, na babu alisikia, na sikuomba radhi. Naomba sasa. Babu, naomba radhi. Lakini lala kwanza, Justa. Au kaa tu unyooshe miguu. Ni sekunde moja."

"Mwalimu amenirudisha kwenye kundi," akasema Justa. "Inatosha. Wewe sitaki unirudishe mahali popote."

"Hutakua!"

"Nitabaki hivi. Kila nikijiona kwenye mlango wa ghala nitajua kazi ya nani. Na wewe kila ukiniona utajua. Si ulinisubirisha mbele ya nchi sita? Subiri na wewe."

"Mjukuu wangu," mzee Ponsiano akasema taratibu, "mwenzio amekuja kwa miguu yake."

"Nimemwona, babu."

Akachukua hindi jingine. Nilirudi kwenye kigoda nikakaa. Nilisema moyoni, mtu anachoka, kazi ya mahindi ni ya kukaa, atakaa tu. Jua lilitoka juu ya paa likaenda nyuma ya migomba. Nililetewa maji, nikaletewa kande, nikala. Wenzake waliendelea kupukuchua, miguu yao imenyooka kwenye turubai, wameanza tena kuongea, wamenizoea. Justa alikuwa akiinama, anaokota hindi, anainuka, analipukuchua kifuani, punje zinadondoka miguuni pake, anainama tena. Alipukuchua amesimama mpaka nilipoondoka.